Kliniki ya Maumivu, Matisi

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimepata mshtuko. Leo nimemnyoa mwalimu mmoja hapa kwenye duka langu la kinyozi Matisi, kisha mfanyakazi wangu Nasimiyu akamkanda mabega kama kawaida. Mwalimu akasema ati kuna hospitali zinakanda wenye maumivu vivyo hivyo, na bima ya afya ya serikali ndiyo inalipa.

Miaka yote hii nakanda watu bure! Yaani, Nasimiyu anakanda. Lakini kinyozi ni yangu. Jioni nimepaka kibao rangi upya: WANGILA KLINIKI YA MAUMIVU. Nasimiyu ameuliza daktari ni nani. Nimemwambia afagie nywele.

Jumanne, 4 Machi

Nimeenda kuuliza mambo ya bima. Mama wa kaunta amenisikiliza vizuri mpaka nikataja kinyozi. Amesema bima inalipa hospitali iliyosajiliwa, na daktari ndiye anayeamua nani akandwe. Nimemshukuru sana. Kumbe kinachokosekana ni daktari tu. Akiandika kwamba mgonjwa akandwe kwa Wangila, nani atabisha?

Mgonjwa ninaye. Kimeli, kaka ya mke wangu Jerop, mfugaji wa Endebess. Hajawahi kuugua hata mafua. Lakini Krismasi aliigiza Herode kanisani, watoto wakalia. Amekubali haraka kuliko nilivyotarajia. Nimemfundisha kushika kiuno na kuguna. Nasimiyu akamkanda mgongo kwa nguvu, ndiyo azoee.

Alhamisi, 6 Machi

Hapa Kitale wananijua. Kwa hivyo tumekwenda hospitali moja Bungoma.

Kimeli ameguna hadi nikajivunia. Daktari akamlaza, akamwinua mguu wa kushoto. Kimeli akatokwa na machozi. Nikamnong'oneza apunguze, hapa si kanisani.

"Shemeji," akasema, "mimi siigizi. Inauma tangu mvua ya mwaka jana."

Kumbe aliumia akibeba gunia la chakula cha ng'ombe, akanyamaza, maana hakuna mwingine wa kukamua. Alikubali mpango wangu ili aonwe na daktari bila dada yake kujua. Kumbe mimi ndiye nilikuwa natumiwa!

Daktari amesema kuna neva imebanwa mgongoni. Kimeli atakandwa na kufanyishwa mazoezi hapo hapo hospitalini, na bima italipa. Nikaona nafasi ya kutaja kliniki yangu. Daktari akauliza ni nani aliyemkanda juzi hadi mgongo ukavimba. Nikasema sijui. Akasema huyo mtu angebonyeza zaidi kidogo, pengine Kimeli asingesimama tena.

Tulipofika Kitale, Kimeli akamweleza dada yake yote.

Ijumaa, 7 Machi

Jerop hajanigombeza. Hiyo ndiyo imenitisha. Amemlilia kaka yake kwanza, akafuta macho, kisha akasema polepole, "Baba Ian, wewe ndiye utakamua."

Kibao kimeshushwa. Nasimiyu amekishusha mwenyewe, bila kutumwa. Amesema hatakanda tena mgongo wa mtu mpaka asomee. Anataka ruhusa akaulize chuo. Katika kinyozi yangu! Mikono yangu yote miwili inaondoka.

Jumapili, 9 Machi. Endebess.

Nimekamua tangu alfajiri. Vidole vimekufa ganzi. Jerop anasema jana Kimeli alilala usiku mzima, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Mimi sikulala. Leo ng'ombe mkubwa, Malkia, amenipiga teke la paja, maziwa yote yakamwagika, nami nikabaki chali kwenye samadi nikitazama mbingu.

Hapo nimefikiri sana. Nimetambua kosa langu, na nakiri bila kujificha. Sikupaswa kumtumia binadamu. Binadamu ana siri zake, halafu ana mdomo.

Jirani wa Kimeli ameniambia kuna bima ya mifugo.

Kesho, kabla Jerop hajaamka, nitaanza kumfundisha Malkia kuchechemea.