Ombi la Kuahirisha Safari kwa Sababu ya Taa ya Miche

Kwa Mama Mkwe ninayekuheshimu,

Shikamoo. Huku binti yako ni mzima, mimi ni mzima, na miche arobaini ya pilipili hoho nayo ni mizima, na hiyo miche ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimesikia unakuja Jumamosi kukaa nasi miezi miwili, upumzike baada ya kutibiwa macho. Mama, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba usije.

Usinielewe vibaya. Miche iko kwenye chumba chako, juu ya kitanda chako, na binti yako amenipa hadi Ijumaa niwe nimeiondoa. Tangu nilipofunga studio, baada ya miaka thelathini ya picha za pasipoti na za maharusi, sikuwa na kitu cha kumulika tena. Nilikuwa nashinda sebuleni nikiitazama saa ya ukutani, na upweke ulinizidi kweli. Sasa nina kazi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Taa yenyewe, ninayoimulikia miche badala ya jua, ni ya bei ya kutupa. Kofia yake ni kibati kilichopakwa rangi nyeupe iliyofubaa, na nusu ya mwanga inapotelea darini, ikiwamulikia buibui. Mtu wa kazi yangu hawezi kuvumilia hilo, kwa hiyo niliamua kuitia kofia hiyo bitana ya kung'aa. Nilianza na foili ya jikoni. Binti yako alikuwa ameiweka ya kuokea samaki, akanuna siku mbili. Lakini samaki alikuwa ameshakufa, Mama, na miche ilikuwa bado hai.

2. Foili niliibandika kwa uji wa unga, kama tulivyobandika matangazo zamani. Mende wakala gundi yote, foili ikaangukia miche. Humu ndani hakuna aliyenipa pole.

3. Nikahamia kwenye pakiti za krispi, maana kwa ndani zinang'aa kama sufuria mpya. Ilibidi nile pakiti kumi na nne kwa siku tatu, peke yangu. Presha ikapanda. Muuguzi wa zahanati aliniuliza nimekula nini, nikamweleza kwa kirefu habari za kurudisha mwanga, akaandika kitu kwenye kadi yangu ambacho hakunisomea.

4. Jirani yetu dereva teksi ana lile pazia la fedha la kukinga jua kwenye kioo cha mbele. Nililiazima. Yeye anasema sikuliazima, kwa sababu hakuwepo. Nililikata vizuri sana kwa mkasi, nikalitandaza ndani ya kofia, na kwa mara ya kwanza mwanga wote ukaiangukia miche. Nilisimama pale machozi yakanitoka. Kesho yake usukani ukamuunguza dereva viganja, akazunguka mtaa mzima akinitaja. Tangu hapo binti yako akienda dukani hupitia njia ya nyuma.

5. Hata hivyo upande wa kulia ulibaki na kivuli. Studioni, msaidizi alikuwa anashika shuka jeupe pembeni ya bibi harusi ili mwanga umrudie. Nilimwomba binti yako ajifunge shuka jeupe akae kando ya miche, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni. Alikaa siku moja. Ya pili akasema yeye aliolewa, hakuajiriwa. Hebu tuamue, Mama: hivi ndivyo ulivyomlea?

6. Mwisho, daktari amekuagiza uepuke mwanga mkali, na hapa kwangu, namshukuru Mungu, mwanga sasa ni mkali. Ahirisha safari hadi tuvune, kama miezi mitatu tu. Ikishindikana kabisa, njoo, ila ulale sebuleni, uvae nyeupe, na uwe tayari kukaa upande wa kulia wa miche. Miwani myeusi nitakutafutia.

Wasalimie mashemeji wote, na yule fundi cherehani wa hapo kwenu mwambie vipande vya kitambaa cha kung'aa asivitupe. Nisalimie pia jirani yako mwenye mbuzi.

Ni mimi mkweo mtiifu,
Mpiga Picha (mstaafu)

Nyongeza: Mama, barua ilikuwa tayari kwenye bahasha nilipozima taa ili nifagie, nikaitazama miche kwa mwanga wa mlangoni. Yote arobaini imepinda shingo kuelekea kushoto, miembamba kama uzi. Nilikuwa nimetundika taa pembeni, upande wa kushoto, kama nilivyomwekea kila bibi harusi, ili shavu moja ling'ae na la pili liwe na kivuli kidogo. Pilipili haina shavu. Nilitoka nje kupunga upepo, nikakuta karibu na bomba mche mmoja kwenye kopo la siagi, mnene, umesimama wima, una maua mawili. Binti yako anasema mbegu ulimpa wewe, na hajaufanyia chochote zaidi ya kuumwagia maji ya kusuuzia vyombo. Nimeshaanza kutoa trei chumbani. Njoo Jumamosi, au hata Ijumaa. Nyuma ya mlango wa jikoni kuna mistari ya chaki ambayo binti yako hufuta mmoja kila asubuhi, na wiki zote hizi nilidhani anahesabu siku za gesi. Leo nimemuuliza. Kumbe anahesabu siku za kukusubiri wewe.