Hina ya Rim

Jumatatu, 16 Desemba
Msiba! Rim, slugi wangu, mbwa wangu wa mbio, analamba tupu yake tangu alfajiri. Nimeinua mkia, nikachungulia. Ngozi nyekundu, imelowa, inanuka. Na mbio za mbwa ni Jumamosi! Dhaou, kaka wa mke wangu, ndiye aliyenipa Rim akiwa mtoto, maana slugi hauzwi, hutolewa. Kaapa kwamba Rim asipokimbia mwaka huu, anamchukua. Rim wangu! Thubutu.

Daktari Saloua, wa mifugo, kasema si ugonjwa wa ajabu. Rim amenenepa, mkunjo wa ngozi umefunika pale, unyevu umekwama ndani. Nimwoshe kwa dawa na kumkausha vizuri asubuhi na jioni, nimpunguzie tende. Mimi, mwanamume mzima, nipanguse nyuma ya mbwa huku mji mzima wa Douz unatazama? Labda nife kwanza.

Jumanne, 17 Desemba
Nimepata akili. Hina! Miguu ya slugi tunaipaka hina ngozi ikaze. Kwa nini huko nyuma isikaze? Nimempaka bila ubahili. Mke wangu Mbarka kauliza kama namwoza mbwa.

Jumatano, 18 Desemba
Hina imekolea. Imekolea mno! Dhaou kapita, kaona wekundu, kapiga makofi: Rim yuko kwenye joto, anataka dume! Na jike aliye kwenye joto haruhusiwi mbioni, madume hupagawa. Kufika adhuhuri mkahawa mzima umejua. Wananipa hongera, wanauliza nataka mahari gani. Washenzi.

Alhamisi, 19 Desemba
Penye nia pana njia. Nimekata suruali ya Mbarka ya sikukuu, nikamshonea Rim kaptura ya kuficha wekundu. Rim kala nusu. Nusu nyingine kaiona Mbarka. Leo sina chakula wala mke wa kuzungumza naye.

Ijumaa, 20 Desemba
Ajabu! Rim halambi tena. Hina inafanya kazi! Mbarka siku hizi anaamka kabla ya adhana, anatoka na taulo, sijui anakwenda wapi. Na ile dawa ya daktari, ambayo sijaigusa, imebaki robo chupa. Nadhani inakauka yenyewe. Vitu vya dukani havina baraka.

Jumamosi, 21 Desemba
Dhaou kamshtaki Rim kwa waamuzi mbele ya umati. Kaitwa Daktari Saloua. Kainua mkia, kachungulia, kacheka hadi kachuchumaa. Kasema huyu hana joto, ana hina, na ngozi chini yake inapona vizuri sana. Kauliza, nani amemtunza hivi? Nikainua mkono. Mbarka akakohoa.

Rim kakimbia! Wa sita kati ya saba, tumbo linacheza huku na huku, lakini kakimbia, na wanawake wakampigia vigelegele. Nimelia kama mtoto, sioni haya kusema. Dhaou kanikumbatia. Kasema haya shemeji, yaishe, mbwa ni wako. Sijawahi kufurahi hivi tangu nioe.

Jumapili, 22 Desemba
Dhaou kaja asubuhi, mpole kama maji ya mtungini. Dume lake ana ukurutu masikioni, je, ampeleke kwa daktari? Daktari wa nini, na mimi nipo! Nimemwambia amlete mchana. Hina, bila shaka, ni ya majike. Dume nitampaka ile lami nyeusi tunayowapaka ngamia wenye upele, tena ya kutosha.