Mtaalamu wa Konokono Asirudi Shuleni

Buhongwa, Mwanza
14 Agosti 1996

Ndugu Mkuu wa Shule,

Pokea heshima zangu. Mimi ni Nestory Mhoja, baba wa Evelina wa kidato cha tatu. Nalalamika juu ya Daktari Akumu, yule mtaalamu wa konokono na kichocho, uliyemkaribisha mwezi wa sita awahamasishe wanafunzi wapende utafiti. Hongera, wamehamasika.

1. Aliwaambia watoto waulize kila kitu. Mimi nililipa karo ili binti yangu ajibu maswali, siyo ayaulize. Sasa sufuria yetu ya wageni imejaa konokono wa majaruba ya mpunga, wamepangwa kwa ukubwa, na mama yake haruhusiwi kuwamwaga.

2. Siku hizi za soko huria kila mwenye akili anakimbilia sangara. Mabinti wawili wa jirani yangu Shimba wako kiwanda cha minofu ya samaki hao, wanarudi jioni wananukia maendeleo. Wangu anataka kusomea vidudu visivyoonekana kwa macho. Nani amewahi kununua kidudu?

3. Hili ndilo limenifanya nishike kalamu. Jumapili alikuja mchumba, Ngosha, kijana mwenye ng'ombe wa kutosha, na wajomba zake wawili. Evelina hakuulizwa, kwa kuwa mambo haya hayahitaji utafiti. Aliingia, akapiga magoti, akawaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja. Nikajisifu moyoni. Kisha akamgeukia mchumba.

"Kaka Ngosha, wewe hunywesha ng'ombe ukiwa umesimama ndani ya maji ya lambo. Ukikojoa, unaona damu?"

Akampa kopo tupu. Mjomba mkubwa akasimama: "Tumekuja kuoa, siyo kulazwa!" Nilitaka ardhi inimeze. Lakini Ngosha alilichukua kopo, akaenda nyuma ya nyumba. Aliporudi, kilichokuwemo kilikuwa chekundu.

Jumatatu alikwenda na kopo lake kwa Daktari Akumu, akapimwa, akapewa vidonge. Jioni akapita kwangu kuniaga. Anasema binti kama huyu ni dhambi kumwoa kabla hajafika chuo kikuu. Nimepoteza mkwe mwenye afya njema.

4. Kwa hiyo naomba Daktari huyo, ambaye nasikia anakuja tena kesho, asikanyage tena shuleni. Akija mgeni, awe mfanyabiashara, mtu mnene, asiyependa maswali.

Wasalimie walimu wote, mpishi, na mlinzi wa getini. Evelina asijue kwamba nimeandika.

Wako katika kuzuia watoto wasitupite,
Nestory Mhoja

N.B. Chupa iliyoviringishwa kwenye gazeti pamoja na barua hii ni yangu. Naona damu tangu masika ya mwaka jana na sijamwambia mtu, hata mama Evelina. Tafadhali mpe Daktari akija kesho. Na kama ataona vema, amwachie Evelina aangalie mwenyewe kwenye hadubini. Wengine wanaweza kunionea aibu. Yeye ataniambia ukweli.