Miaka Ishirini na Minane na Miezi Minane

Jumatatu, 5 Mei 2025
Tangazo limebandikwa ukutani kwa chifu: mtihani wa kuingia polisi, kazi ya kudumu! Mimi, Mujahid, mlinzi wa geti kwenye timbo la mawe Mwakirunge, nimelisoma mara nne. Umri usizidi miaka ishirini na minane. Nina ishirini na minane na miezi minane. Je, nimezidi? Chrispine, mlinzi mwenzangu, asema miezi haihesabiwi. Dada yangu Nadhira asema yahesabiwa. Karani wa chifu asema nisome tangazo. Nimelisoma mara ya tano. Sielewi zaidi.

Lazima nipite. Mzee Hashim kanieleza wazi: binti yake Lamis haozwi mtu wa kufungua geti.

Jumatano, 7 Mei
Kimo nacho! Futi tano na inchi nane. Mimi tano na saba. Nimekata malapa ya zamani, nikatia vipande ndani ya buti. Nimerefuka! Natembea kama bata, lakini bata mrefu. Chrispine, mwenye futi sita bila juhudi yoyote, kacheka mpaka kashika ukuta. Wivu.

Alhamisi, 8 Mei
Fomu ni ya mtandaoni. Niliogopa kuiharibu, nikamwomba Nadhira atangulize jina lake tuone kama mtambo wakubali. Ukakubali! Nikaingiza langu. Ukakataa: umri. Nikaingiza tena, polepole. Ukakataa upesi. Nadhira kauliza kama afute lake. Nikamwambia aache, tusizidi kuuchanganya mtambo. Jumamosi, siku ya usaili, nitakwenda hivyo hivyo, niwaeleze ana kwa ana.

Jumamosi, 10 Mei
Uwanjani mapema. Nikajipenyeza kwenye foleni nyuma ya Chrispine, naye kaja kujaribu bahati. Amri ya kwanza: vueni viatu! Vipande vya malapa vikadondoka mbele ya afisa. Kavitazama, kanitazama, kauliza ni nini. Nikasema dawa ya mgongo.

"Basi nenda nyumbani, ndugu yangu, ukaupumzishe," akasema.

Upole wake uliniuma kuliko matusi. Chrispine naye karudishwa: kaleta nakala, wao wataka cheti halisi. Nilifurahi kidogo, astaghfirullah. Nadhira kapita vipimo vyote, kaingia kwenye mtihani. Nani alimwambia aje?

Jumanne, 20 Mei
Nadhira kafaulu! Mama kapiga vigelegele mpaka majirani wote wa Ziwa la Ng'ombe, naona, wakajaa uani. Barua nimeishika mimi. Kila kitu ni sawa isipokuwa jina.

Alasiri Mzee Hashim kabisha hodi, na halua mkononi. Nikakimbilia kanzu. Kumbe kaja kumposea mwanawe Sameer. Amtaka Nadhira! Nikamkumbusha, kwa adabu, habari ya Lamis.

"Mwanangu, nyumba yenu imeshapata askari," akasema. "Wewe endelea na geti."

Nadhira akaweka kikombe chini. Akamwambia aenda chuo cha polisi kwanza, na hata akirudi, hapokei posa ya nyumba inayomdharau kaka yake. Mzee kaondoka. Sikujua nicheke au nilie. Nikala halua.

Jumatatu, 26 Mei
Nimefungua darasa uani, la kuwaelekeza vijana masharti ya kuingia polisi. Wamekuja saba! Mmoja ana jino la bandia, kauliza kama laruhusiwa. Nikamjibu bila kusita: laruhusiwa, ila lahesabiwa nusu.

Wote wameandika.