Mapaja ya Fundi Cherehani

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimefumaniwa. Binti yangu mkubwa kapanda ngazi bila kupiga simu, akanikuta nimeketi kwenye kona ya ghorofa ya pili, mfuko wa unga mapajani. Nikamwambia nakagua rangi ya ukuta. Akautazama ukuta. Akanitazama mimi. Akauliza nimeanza kuukagua saa ngapi.

Basi kikawa kikao. Kasema ngazi zimenishinda, na kwake kuna chumba kitupu nyuma ya jiko, kipo chini, hakina hata kizingiti. Hakusema kwamba chumba hicho kimepakana na cha mama mkwe wake, ambaye huongea na redio kutwa nzima, na redio ikizimwa humgeukia aliye karibu. Wala hakusema cherehani yangu itakaa wapi. Nikauliza. Akajibu kwa upole kwamba cherehani nayo ipumzike. Roho iliniuma kweli. Nusu ya suruali za mtaa huu zimetoka kwenye dirisha langu la ghorofa ya tatu. Sihami!

Mwisho tukaafikiana. Zahanati ya chuo kikuu inatafuta wazee waliopita miaka sabini kwa ajili ya utafiti: kwa nini misuli ya mtu huyeyuka akizeeka, na kifanyike nini. Nijiunge. Nipimwe sasa, nipimwe tena mwezi wa sita. Miguu ikiwa imepata nguvu, nabaki kwangu. La sivyo nahama, tena bila kununa. Nimekubali papo hapo. Hajui anacheza na nani.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepimwa. Mwanzo mzuri ajabu! Daktari mtafiti ni binti mdogo, anaweza kuwa mjukuu wangu. Alinipa kidude cha chuma akaniambia nikibane kwa nguvu zote. Mkono huu umeshika mkasi tangu sijaota ndevu. Nikakibana. Akakitazama, akakigonga mezani, akaniomba nirudie. Nikarudia huku natabasamu.

Kisha kiti. Unakunja mikono kifuani, unasimama na kukaa mara tano, yeye kashika saa. Mara ya kwanza nilisimama. Mara ya pili nilikwama katikati, sijakaa wala sijasimama. Nikasema kiti ni kifupi. Akaleta kingine. Nikasema hiki kinateleza. Akaandika jambo, tena refu.

Baada yangu akaingia jirani yangu wa chini, fundi bomba mstaafu. Mtaa mzima unamwita Springi kwa sababu anatembea kama anayekanyaga makaa. Alisimama na kukaa mara zote tano bila kuhema, kisha akauliza kama daktari angependa kuona tena. Mtu hana haya.

Ikaja kura. Kompyuta inagawa watu makundi mawili. Moja linafanya mazoezi na mwalimu. Jingine linasikiliza mazungumzo ya afya na kuendelea na maisha yake kama kawaida, ili mwishoni walinganishwe. Springi, mazoezi. Mimi, mazungumzo!

Nikakata rufaa. Nikamweleza daktari kwamba pindo la koti lake jeupe limekwenda upande (limekwenda upande kweli, linaniumiza macho) na kwamba mtu wa kundi la mazoezi angeweza kulinyoosha bure. Akacheka. Akasema, "Babu, kila mtu akijichagulia chumba, hatutajua kamwe kinachosaidia ni nini."

Mimi najua tayari. Kinachosaidia ni kuwa kwenye chumba kile kingine.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Mazungumzo ya afya. Leo tumefundishwa kunawa mikono. Nina miaka sabini na minne.

Kundi letu ni la kusikitisha. Yuko mwalimu mkuu mstaafu, anayenyoosha kidole kabla ya kukohoa. Yuko sista mstaafu wa wodi ya wazazi, anayemsahihisha mtoa mada kila sentensi. Yuko dereva wa lori, aliyelala kabla sabuni haijatajwa. Na nyuma ya ukuta, kundi la mazoezi: vishindo, vicheko, na sauti ya Springi akihesabu kwa wote kama vile katumwa.

Nikaomba ruhusa ya kwenda chooni. Nyuma ya jengo kuna dirisha la chumba chao, lakini liko juu. Kuna ndoo ya mfagizi. Nikaipindua, nikapanda, nikasimama kwa ncha za vidole. Niliyaona yote! Wanafunga vifuko vya mchanga miguuni, wanainua mguu, wanashusha polepole. Ndiyo siri yenyewe! Kila mwalimu wao akigeukia dirishani ilinibidi nichutame juu ya ndoo, kisha niinuke tena. Naye ni mtu wa kugeuka geuka. Nimerudi darasani mapaja yanawaka moto. Wamedhani nina tumbo.

Jumamosi, tarehe 22 Machi

Nimeshona vifuko vyangu mwenyewe, kitambaa cha turubai, mshono maradufu. Kazi safi kuliko vyao. Tatizo ni mchanga. Uko chini uani, mimi niko ghorofa ya tatu. Nilijaribu kuupandisha wote kwa safari moja nikaishia kukagua rangi ya ukuta. Nikaugawa. Nimepanda na kushuka asubuhi nzima kama mchukuzi wa bandarini, nikawa sina nguvu ya kufanya hata zoezi moja. Siku imepotea bure.

Na kila Jumanne na Ijumaa ni ndoo, kuchutama, kuinuka, kuchutama. Huu upelelezi utaniua kabla sijapata nafasi ya kuanza mazoezi.

Alhamisi, tarehe 10 Aprili

Siri imevuja. Mwalimu mkuu alinifuata chooni, kwa wasiwasi wa tumbo langu, akanikuta juu ya ndoo. Nikategemea kuripotiwa. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akaomba apande na yeye.

Sasa wote wanajua. Hawakutaka kunishitaki, walitaka vifuko. Nimewashonea, kila mmoja kwa kipimo cha kifundo chake. Wanakuja kwangu siku ambazo hakuna mazungumzo, wanapanda ghorofa tatu wakilalamika, wananiita Kocha. Nimewaapisha wasimwambie daktari. Sista alisita, akasema utafiti ni utafiti. Nikamuuliza kama angependa Springi aendelee kutuhesabia nyuma ya ukuta mpaka mwezi wa sita. Akanyoosha mguu nimfunge kifuko.

Dereva wa lori amekuwa macho kwa saa nzima. Nimefurahi, nakiri. Zamani nyumba hii ilikuwa na watu hivi, wateja wamejaa mpaka mlangoni.

Jumapili, tarehe 11 Mei

Balaa. Nimejipima paja kwa tepu ya kushonea nikakuta limeongezeka. Haiwezekani. Mimi sijafanya mazoezi yoyote ya maana, nimekuwa nikifundisha tu, na kupanda ndoo, na kubeba mchanga. Nikatafakari nikagundua: tepu imeruka! Niliisahau mfukoni wiki iliyopita nikaifua pamoja na shati, imenywea. Sasa inatoa namba za uongo za kunipa matumaini.

Maana yake mapaja yangu ni yaleyale ya Machi. Binti yangu kapiga simu. Kasema kile chumba ameshakipaka rangi, na ameniuliza napenda pazia gani. Nilisema lolote. Baadaye nikakaa mbele ya cherehani bila kushona kitu, mkono juu ya gurudumu. Niliona uchungu mkubwa. Nikiwa pale nyuma ya jiko nitakuwa mzee wa nani?

Kisha nikapata wazo. Safari hii watapima na paja, daktari ameshasema. Paja limo ndani ya suruali. Na suruali ni kazi yangu!

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Siku ya vipimo. Nimevaa suruali ya kijivu yenye pamba kati ya kitambaa na bitana, mapajani tu, nimeipunguza taratibu kuelekea gotini ili ifanane na nyama. Nimeshona suruali nyingi maishani, hii ndiyo bora kuliko zote. Binti yangu alinisindikiza. Njiani alinitazama miguu.

Muuguzi akanipeleka nyuma ya pazia akasema nivue suruali.

Nikamweleza kwamba fundi anayejua kazi hupima juu ya nguo. Akasema yeye si fundi. Nikavua. Haikutoka. Nilikuwa nimeibana ili pamba isicheze, nayo ikagoma mapajani. Muuguzi akashika mguu mmoja akavuta. Mshono ukaachia, na pamba ikamwagika sakafuni hadi upande wa pili wa pazia, miguuni pa binti yangu.

Nikasikia sauti yake: "Baba, pamba ya nini?"

Nikasema ni kwa ajili ya baridi. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona anajipepea.

Nilijua nimekwisha. Muuguzi akapima paja tupu, akapima tena, akamwita daktari. Daktari akaja na kiti. Mimi nimevaa shuka la zahanati kiunoni, aibu imenijaa mpaka masikioni, nataka jambo moja tu, kuondoka. Nikakunja mikono nikasimama, nikakaa, nikasimama, huku nikimweleza binti yangu kwamba pazia lisiwe la maua. Nilipomaliza kusema, daktari alikuwa ameshasimamisha saa. Nikamwambia nipo tayari, anaweza kuanza. Akasema nimemaliza zamani. Mara tano, na nyingine mbili za juu.

Akamwonyesha binti yangu namba za Machi na namba za leo. Binti yangu akaniangalia, akaokota pamba kidogo, akaanza kulia. Akasema, "Haya, baba. Kaa kwako." Nami nikalia, ingawa kwa kiasi fulani lilikuwa jasho.

Ninabaki! Cherehani inabaki! Na nimempita Springi kwa kiti. Kidogo, lakini nimempita.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Daktari kaliita kundi letu lote. Nilidhani ni pongezi, nikavaa tai.

Uso wake ulikuwa umenywea. Kundi la mazoezi limepata nguvu, alisema, kama ilivyotarajiwa. Lakini na kundi la mazungumzo limepata nguvu, sawasawa na wenzao. Kwa hiyo maprofesa wake watasoma kwamba kufunga mchanga miguuni hakumsaidii mzee kuliko kufundishwa kunawa mikono. Kazi ya miaka mitatu. Akatuuliza, kwa heshima, kama kuna yeyote aliyefanya jambo lolote la ziada nyumbani.

Tukatazama dari. Mwalimu mkuu akanyoosha kidole, akakishusha. Kisha sista akamwaga yote: vifuko, ngazi, ndoo, Kocha. Hata rangi ya turubai aliitaja.

Daktari akanigeukia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Babu," akasema, "wewe si mshiriki wa utafiti huu. Wewe ndiye ugonjwa wake."

Imenichoma. Sikuwa nimemfikiria yule daktari hata siku moja, na hilo ni kweli. Nikamwomba koti lake, nikakaa kwenye korido nikalifumua pindo na kulishona upya kwa mkono. Limenyooka. Alishukuru, lakini macho bado yalikuwa mekundu. Wakati naondoka nikamshauri afunge lile dirisha.

Jumatatu, tarehe 7 Julai

Habari njema. Maprofesa wamekubali arudie, kura mpya, watu walewale pamoja na wapya. Dirisha limepakwa rangi nyeupe. Ndoo imefungiwa stoo. Tumeapishwa mbele ya mashahidi, mimi mara mbili.

Na kura imeniangukia: mazoezi! Springi: mazungumzo! Niliinuka kwenye kiti bila mikono nikampa pole. Binti yangu kafurahi. Kasema makubaliano ni yaleyale: nikipimwa Oktoba na miguu ikiwa imerudi nyuma, chumba bado kipo, na pazia halina maua. Nikamwambia sasa niko kwa mwalimu wa kweli, atulize moyo.

Ijumaa, tarehe 18 Julai

Huyu mwalimu ni mkatili. Inua, shusha polepole, polepole zaidi. Kwa nini polepole? Ukishusha haraka si unamaliza mapema? Kifuko chenyewe wamechukua mshono wangu, turubai yangu, mchanga wametia wao, na wametia bila huruma. Kila wiki wanaongeza.

Na nyuma ya ukuta nasikia kundi la mazungumzo. Wanacheka. Vikombe vinagongana. Wanapewa chai! Na biskuti, nimesikia karatasi ikichanwa. Leo mada ilikuwa usingizi, na Springi alikuwa anatoa mfano kwa vitendo. Ndiko wanakotunza nguvu, kule! Mtu akipumzika vizuri misuli inarudi yenyewe, jambo hilo liko wazi, sijui kwa nini utafiti unalificha. Nimeomba nihamishwe. Daktari alifunga faili taratibu, akaenda kunywa maji.

Jumapili, tarehe 20 Julai

Nimelipatia ufumbuzi. Nilirudi nyumbani na vifuko ninavyofunga zahanati, nikamwambia mwalimu mshono unahitaji kukazwa. Nimevifumua, nimemwaga mchanga wote, nimejaza ile pamba iliyobaki ya suruali. Nimevishona tena. Kwa nje huwezi kutofautisha, nimeacha hata chembe chache za mchanga kwenye pindo zidondoke kidogo. Sista mwenyewe hatagundua.

Nikavifunga miguuni nikafanya zoezi lote la wiki, mara mbili, bila kuhema. Nikainua mguu kuliko mwalimu! Nikashuka navyo mpaka chini na kupanda tena bila kukagua ukuta mahali popote. Nimebaki nimeduwaa. Misuli imekua kiasi hiki katika wiki mbili tu! Kesho nampigia binti yangu simu, nimwambie chumba kile akipangishe.