Ndugu Yake Ssalongo Aliye Bwawani

Jumatatu, 2 Februari

Siri ambayo sijamwambia mtu yeyote: tangu tumalize mitihani ya mwisho ya sekondari, Sinia Sita, kiumbe niliyezungumza naye kwa kirefu kuliko wote ni samaki.

Wanadamu hunishinda. Wakiniuliza jambo, jibu langu hufika wakati wao wameshaondoka. Samaki hana haraka. Anaishi katika bwawa lililo nyuma ya kambi yetu ya polisi hapa Ntinda, shimo lililoachwa na wafyatua matofali likajaa maji ya mvua. Ni samaki gani? Hakuna anayejua. Hakuna aliyemwona mzima. Huonekana mgongo mweusi, basi. Kisha mdomo hutokeza juu, ukavuta hewa, mlop!, ukazama. Nakadiria urefu wake ni kama mkono wangu. Bonny, mtoto wa Afande Okidi, anasema ni mrefu kama Bonny.

Leo, balaa. Ssalongo Mubiru, mwenye kiwanja, alikuja na utepe wa kupimia. Akamwambia Baba kwamba Jumamosi malori yanaleta kifusi, bwawa linafukiwa, maduka yanajengwa. Baba akauliza, na samaki je? Ssalongo akacheka hadi tumbo likatikisika. Akasema huyo mpangaji hajawahi kulipa kodi.

Atafukiwa hai! Nami sitajua kamwe ni nani niliyekuwa nikimwambia mambo yangu yote.

Uamuzi: nimvue kabla ya Jumamosi, nimhamishie kwenye kinamasi cha Kinawataka. Vifaa: mpini wa kudekia, mshipi, ndoano moja. Bonny naye anamtaka, lakini yeye anamtaka pamoja na limau. Ana ufito wa kuvulia wa kisasa aliotumiwa na mjomba wake kutoka Dubai. Unarefuka, unafupika, unalia kama baiskeli. Nauchukia.

Jumanne, 3 Februari

Nimeomba ushauri. Kwa mtu! Mama Esperance, Mkongomani wa Bukavu anayekaanga samaki kwenye kona. Niliizunguka meza yake hadi akauliza kama nimepoteza kitu ama nataka kuiba kitu. Nikamnong'oneza. Akasema minyoo ni ya watoto, samaki mkubwa huvuliwa kwa sabuni. Sabuni ya mche! Akaapa kwa jina la marehemu baba yake, mvuvi wa Ziwa Kivu. Nikamega kipande cha sabuni ya Mama.

Niliketi asubuhi nzima. Wapi! Badala ya samaki akatokea Bonny, akataka kujua nafanya nini na sabuni. Nikasema nafua. Akanitazama. Sikuwa na nguo hata moja. Ikabidi nivue sweta niifue pale pale. Akaenda zake, nikamshukuru Mungu mapema mno. Alirudi na soksi, jezi mbili na ile kofia yake ya uvuvi, akasema dada Amony, ukimaliza hiyo yako, pole kwa kazi.

Nimefua hadi saa kumi. Mtu mwingine angekataa. Mimi jibu lilifika nikiwa nyumbani: “Fua mwenyewe!” Nililisema kwa nguvu. Mama akadhani namwambia yeye. Sasa nafua vya nyumbani pia.

Mshipi wangu nimeuacha umefungwa kwenye mzizi chini ya matete, na sabuni yake.

Jumatano, 4 Februari

Mpango wa pili: chandarua. Kile cha kitanda changu. Nikaingia majini kwenye matete, maji kifuani, nikakitandaza taratibu.

Nilichopata: vyura, kandambili ya mguu wa kushoto, na mshipi wa Bonny. Sikujua kuwa yuko ng'ambo ya pili. Yeye naye hakujua kuwa niko huku. Alihisi uzito, akapiga kelele kwamba amempata, amempata, njooni muone! Ule ufito wa Dubai ukalia. Nikavutwa. Kambi nzima ikatoka mbio, wengine na sufuria.

Nikaibuka mimi.

Halafu Afande Okidi akauliza kama huyu naye analiwa na limau. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Bonny hakucheka. Alisema nimemharibia siku, na kwamba kwa hesabu ya haki mimi ni samaki wake. Baba alinitazama nikidondosha maji, akasema amewakamata wengi, lakini hajaona mtu anayejikamata mwenyewe.

Sijali! Nikiwa mle majini samaki aliibuka karibu na sikio langu na kuvuta hewa. Mlop! Mapafu, nikawaza. Samaki mwenye mapafu ni kamongo, tulifundishwa! Kamongo mwenyewe! Sasa namjua. Nimefurahi kiasi cha kulala bila chandarua. Mbu nao wamefurahi.

Alhamisi, 5 Februari

Ajabu ya leo haina mfano. Nilikuwa kwa Mama Esperance wakati Ssalongo alipokuja kula. Mama Esperance akamwekea kipande cha samaki mkavu wa kuonja, wa bure. Ssalongo akauliza ni samaki gani. Kamongo, akajibiwa. Mzee aliruka nyuma kama aliyewekewa babu yake kwenye sahani! Akasema kwa ukoo wao kamongo ni mwiko. Hawamli, hawamuui, hawamgusi kwa ubaya. Ni ndugu. Mama Esperance akaomba radhi, akasema kwao Bukavu ndugu hawana ladha namna hiyo.

Nilisimama pale, sahani mkononi, akili inakimbia. Ni ndugu! Na Jumamosi anataka kummwagia kifusi!

Kilichobaki ni kumwambia tu. Tu! Nilimfuata kwenye gari lake. Mara ya kwanza nikapiga magoti kusalimia, nikainuka, nikaondoka. Mara ya pili nikasema samahani ssebo, nikakwama hapo. Akanionyesha choo kilipo. Mara ya tatu alikuwa ameshawasha gari. Nikajikuta nimesimama mbele ya boneti na kupiga kelele: “Ssebo, mle bwawani yumo ndugu yako!”

Akazima injini. Akashuka. Akaniuliza polepole kama nimemwona. Nikasema nimemsikia kwa sikio hili, akipumua hewa kama wewe na mimi. Akavua kofia. Alitembea hadi ukingoni, akasimama muda mrefu. Nikaanza kuogopa kwamba samaki ataona haya, maana nami ningeona haya. Lakini hapo hapo: mlop!

Ssalongo akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akawaambia watu wa malori wasije. Si Jumamosi, si siku nyingine. Jumapili anakuja na wazee wa ukoo kumsalimia.

Nimeongea! Nimeongea na bwawa limepona!

Ijumaa, 6 Februari

Asubuhi nzuri kuliko zote. Bonny amepigwa marufuku kuvua. Anauzungusha ufito wake uani kama mtu aliyefiwa. Mama Esperance ananiita Wakili. Mama ameuliza nilianza lini kusema, na kama naweza kuendelea mezani.

Nikaenda kumpa samaki habari njema. Nikaona mzizi unatikisika. Mshipi wangu wa Jumanne! Nilikuwa nimeusahau kabisa. Nikauvuta ili nimfungue. Mzito. Akaja polepole, amechoka, povu mdomoni.

Kichwa bapa kama sepetu. Sharubu huku, sharubu huku.

Kamongo hana sharubu.

Kambare! Kambare mkubwa, wa kawaida, asiye na undugu na mtu yeyote hapa Kampala! Tulitazamana. Nadhani yeye alijua siku zote.

Nilimtoa ndoano, nikamrudisha majini, nikakimbia kwa Mama Esperance. Nikauliza kama mtu anayepitisha muda: je, kambare naye huvuta hewa? Akasema binti yangu, unadhani ninawatoaje sokoni kwenye beseni kavu, nao wananigombeza mpaka jioni? Wanavuta hewa kuliko padri anayehubiri!

Jumapili wazee wakiona sharubu, malori Jumatatu. Nikisema ukweli, malori kesho. Nimekosa hamu ya kula. Mama amesema hotuba zimeisha mapema.

Jumamosi, 7 Februari

Tulia, Amony. Mpango.

Kosa si kwamba nilisema mle mna kamongo. Kosa ni kwamba kamongo hajafika. Anaweza kufika!

Mama Esperance anamfahamu Abdul-Karim, mtu wa Kisenyi, ambaye hupata kitu chochote chenye uhai. Abdul-Karim hakuuliza maswali, nami sikuwa na majibu, tukaelewana vizuri. Nimempa sanduku langu la chuma la bweni liwe malipo. Saa tisa alasiri boda imeleta gunia lililolowa. Zito! Linajinyonganyonga. Limo kwenye karai chini ya kitanda changu, na alfajiri nitalipeleka kwenye matete kabla wazee hawajavaa kanzu zao.

Abdul-Karim ametuma onyo nisilifungue kabla ya kufika majini, kwa sababu kamongo huuma. Sijalifungua. Ya nini? Nimetega sikio kwenye gunia nikamsikia mwenyewe akivuta hewa, wazi kabisa. Ni kamongo, sina shaka hata chembe. Nimemweleza ratiba yote ya kesho, nani wa kusalimiwa na wakati gani wa kutokeza. Ni msikilizaji mzuri ajabu.

Na wewe uliyefika hadi ukurasa huu, sijui uliinuaje godoro langu, nakuomba kwa magoti: usimwambie mtu. Hasa Ssalongo. Na kesho, kama utakuwepo, ukaona sharubu zinachungulia wakati wazee wanasalimia, wewe kohoa tu kwa nguvu.