Uzinduzi wa Matone ya Macho Mkolani

Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa tatu asubuhi. Jua kali, upepo mdogo kutoka ziwani. Kwa niaba ya Kamati ya Uzinduzi, ambayo mimi ndiye katibu wake, nilitangaza kwamba katoni ya matone ya kutuliza uvimbe wa macho ingezinduliwa rasmi katika kliniki ya Mkolani.

Katoni ilikuwa imefika wiki mbili kabla. Hatukuifungua. Katika zama hizi za soko huria, kitu kisichozinduliwa hakina tofauti na cha magendo.

Bibi Paskazia wa Misungwi alikuwa ameondolewa mtoto wa jicho jana yake. Jicho lilikuwa limevimba.

"Alipaswa kuanza matone kabla ya operesheni," alisema nesi Raya. "Tukizidi kuchelewa, jicho litaharibika. Nipe chupa moja tu, Katibu."

"Mgeni rasmi yuko Usagara. Anakuja."

"Jana pia alikuwa Usagara."

"Itifaki haina haraka, dada."

Bibi akageukia sauti yangu. "Huyo mgeni anaumwa jicho?"

"Hapana, Bibi. Anakata utepe."

"Basi niletee huo utepe. Meno ninayo."

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mashimba, alifika saa saba, amevaa miwani myeusi. Kumbe naye alikuwa amefanyiwa operesheni hiyohiyo Dar es Salaam wiki iliyopita. Alipoanza kuona vizuri, matone akayaacha hotelini. Sasa jicho lilikuwa jekundu, na lile jingine halijawahi kumsaidia sana.

"Nitieni matone kwanza," alininong'oneza.

"Hayajazinduliwa, Mheshimiwa. Ni agizo lako mwenyewe."

Akachukua mkasi, akakata. Makofi yakapigwa. Utepe ulikuwa mzima. Nusu ya tai yangu ilikuwa chini. Nilitamka kwamba dawa imezinduliwa.

Raya akafungua katoni, akaenda moja kwa moja kwa Bibi. Mheshimiwa akajipenyeza mbele ya foleni.

"Shikamoo, Bibi. Naomba nipite."

"Marahaba. Mgeni rasmi hupita. Mgonjwa hupanga foleni. Wewe ni yupi?"

Mheshimiwa alilitafakari suala hilo kwa kina.

"Mgonjwa," alisema.

"Basi mkiani, baba."

Raya alitia matone kwa zamu. Bibi Paskazia alirudi Misungwi na chupa yake, akaitumia mpaka alipoambiwa aache. Mheshimiwa alikaa kwenye benchi, wa mwisho, akisogea kila walipomwambia asogee. Mimi nilirudi ofisini kuandaa uzinduzi wa benchi hilo.